Mikwaruzo ya Gari la Baba

Ngoingwa kuna wanaume ambao hawawezi kuanza siku kabla hawajapangusa gari. Chai inapoa mezani, mtoto anachelewa shule, mwenyewe yuko uani na kitambaa kikavu anafuta vumbi la usiku, boneti kwanza, halafu milango, halafu vioo. Maji ni ya Jumamosi. Siku nyingine zote ni kitambaa. Baba yangu alikuwa mmoja wao, na gari lake lilikuwa jeusi, rangi ambayo kwa mtu anayeishi kando ya barabara ya udongo mwekundu ni kujitafutia kazi isiyoisha.

Aliendelea kulipangusa hata baada ya kuacha kuliendesha. Mama alificha ufunguo siku baba alipoenda kununua mkate Thika mjini akapatikana Murang'a, ameegesha vizuri kabisa, akiwauliza watu njia ya kwenda kwenye nyumba iliyobomolewa kabla mimi sijaolewa. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau na kwamba hauponi. Alisema kwa upole, nami nikamchukia kwa upole wake.

Basi baba alibaki na kitambaa. Kilikuwa kipande cha sweta yake kuukuu. Kikianguka chini anakiokota, anakikung'uta kwenye goti, anaendelea. Huwezi kumwambia kitu. Kila chembe ya mchanga iliyonaswa na ile sufu ilikuwa inachora kwenye rangi. Ukilitazama gari kivulini uliona weusi uliochoka tu, lakini likipigwa na jua uliona duara juu ya duara, mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui, kuanzia boneti hadi buti.

Na baba aliiona. Hilo ndilo lililokuwa linatuua. Akili ilikuwa inakwenda lakini macho yalikuwa mazima, na kwa macho yake ile mikwaruzo ilikuwa uchafu. Kwa hiyo alipangusa zaidi. Kadiri alivyopangusa ndivyo ilivyoongezeka, na jua likishakuwa kali unamkuta amesimama kando ya gari, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Haitoki," ananiambia. "Haitoki, Maitu."

Maitu ni mimi. Kwetu sisi Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na halipewi kwa kupendeza tu. Mtoto yule ndiye nyanya, amerudi nyumbani. Kwa hiyo baba hajawahi kuniita jina langu hata siku moja. Ananiita Maitu, yaani mama yangu. Nikiwa mdogo alikuwa akitoka kazini anaketi na kunitania mbele ya wageni, "Maitu, mtoto wako ana njaa, umempikia nini?" nami najifunga leso ya mama inayoburura sakafuni, naenda kumletea maji kwenye kikombe. Hakuna mtoto aliyekuwa na kiburi kama changu.

Ugonjwa ulipoanza kumnyang'anya watu, ulinipita. Kaka yangu wa Githurai 45 aligeuka fundi wa mabomba. Akiingia tu anaulizwa kama amekuja na spana. Dada yangu akawa nesi, tena nesi mbaya, yule wa sindano. Mama, aliyelala naye kitanda kimoja maisha yake yote, akawa "yule mama wa chai". Mimi nikifungua geti tu, uso wake unachangamka. "Maitu, umekuja!"

Sitajifanya mtakatifu, nilijivuna. Dada yangu akilia kwamba amefukuzwa chumbani, mimi nilikuwa namfariji kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Kaka yangu aliwahi kuniambia, "Wewe ringa tu, siku yako inakuja," nikamnunia mpaka akaomba msamaha. Nilikuwa nimejiwekea hesabu yangu moja, rahisi. Baba akinijua, bado nina baba. Siku asiponijua, nimefiwa, hata kama anatembea. Kila jioni nikirudi kwangu Mwihoko nilikuwa najiambia, leo bado.

Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa najulikana, nikaona ni kazi yangu kumtoa kwenye machozi yale. Mikwaruzo ikitoka, hatakuwa na cha kulilia. Jumamosi moja, mama alipompeleka kunyolewa, nikaomba ufunguo na kuliendesha gari hadi Ruiru, ambapo ninashona sare za shule. Karibu na kibanda changu kuna jamaa anayeng'arisha magari chini ya mabati. Akalizunguka akiwa na tochi mkononi, anapiga mbinja.

"Sasa mathe. Hii imechapwa na kitambaa kikavu, si ndio?"

"Mathe yako yuko kwenu," nikamwambia. "Niite dada ama unyamaze."

"Poa, dada. Inatoka yote. Lakini nani alikuwa anaipangusa hivi? Huyo mtu hapendi gari."

Kidogo niondoke. Nikamwambia mwenye gari analipenda kuliko yeye fundi atakavyowahi kumpenda mke wake, kama yupo wa kumvumilia. Akacheka, akasema basi ndiyo maana limeharibika, kwa sababu gari jeusi halitaki kushikwashikwa.

Aliliosha kwa povu jingi, akalipitishia donge laini la buluu linalong'oa vumbi lililojikita kwenye rangi, akabandika utepe wa karatasi kwenye taa na kwenye pembe, kisha akawasha mashine ya kusugulia. Nilileta kiti nikakaa. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia mkwaruzo haufutwi. Kile kitu cha juu kinachong'aa ni ngozi nyembamba kama vanishi, na anachofanya yeye ni kuila kidogo kidogo mpaka afike pale mkwaruzo unapoishia. Ukirudia rudia, ngozi inakwisha, na hapo hata fundi wa mbinguni hakusaidii.

Alipomaliza nusu ya boneti aliniita. Upande mmoja ulikuwa bado na zile duara za baba. Upande wa pili ulikuwa mweusi kama maji ya kisima, na ndani yake niliona mabati, nguzo ya stima na uso wangu mwenyewe. Nililia. Nililia kwa furaha, hapo hapo barabarani, na yule jamaa akajifanya anatafuta utepe wake.

"Mzee atachana nywele hapa," alisema.

Nilipofika Ngoingwa baba alikuwa amelala. Mama aliniambia kwamba baada ya kinyozi alishinda amesimama pale gari linapoegeshwa, kitambaa mkononi, anapangusa hewa. Alinieleza huku amenipa mgongo, anaosha vikombe vilivyokwisha kuwa safi. Nikamwambia, ngoja kesho. Nikalala huko, nikiwa na hamu kama mtoto anayesubiri Krismasi.

Asubuhi nilijitanda leso ya mama na kufunga kitambaa kichwani, nikamsindikiza baba uani. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ua wa jirani na gari lilikuwa linawaka. Hapakuwa na duara hata moja. Baba alinyoosha mkono kupangusa mlango, mkono ukasimama katikati. Nikasubiri tabasamu.

Ndani ya mlango wa gari, kama kwenye kioo, mlikuwa na watu wawili: mzee aliyenyolewa upara, na mwanamke aliyejifunga leso.

Baba alirudi nyuma. Alinishika mkono, na hakunishika kama alivyokuwa akinishika tangu utoto wangu, kwa kiganja kizima. Alishika vidole viwili tu, akavibana, akajificha nyuma ya bega langu.

"Maitu," alinong'ona. "Baba amerudi."

"Baba gani?"

Alinionyesha kwa kidevu, maana mtu mzima haonyeshwi kwa kidole. "Mwambie si mimi. Mwambie sikuigusa."

Babu sikumjua. Alikufa baba akiwa bado wa shule ya msingi. Nilichokuwa nimesikia kwa shangazi ni kwamba alikuwa na baiskeli nyeusi, na kwamba mtoto aliyeigusa aliikumbuka siku hiyo. Sasa alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari la mwanawe, mwenye uso ule ule, upara ule ule, na kando yake alikuwa mke wake. Baba alikuwa anaomba ulinzi kwa mke huyo. Hakuwa anaomba kwangu.

Nilielewa pale pale, na sijui mtu anapaswa kusimama vipi akielewa jambo kama lile. Hakuwa ananijua. Pengine hakuwa amenijua kwa muda mrefu kuliko wenzangu wote. Ugonjwa haukunipita. Huenda ulianza na mimi, na kwa sababu nilikuwa nimevaa jina la mtu mwingine tangu kuzaliwa, hakuna aliyegundua kwamba binti ameshaondoka. Ule uso uliokuwa ukichangamka getini ulikuwa wa mtoto aliyemwona mama yake amerudi kutoka shambani. Nilikuwa nimekwisha kufiwa, na siku ile ya kufiwa nadhani nilirudi Mwihoko nikiwa na furaha.

Ningeweza kumgeuza anitazame. Ningemwambia, mimi ni binti yako, ulinipeleka shule kwa gari hili, nilikutapikia kwenye kiti cha nyuma na hukunikaripia. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini alikuwa bado amevibana vidole vyangu viwili, anasubiri kujua kama atachapwa.

"Hajakasirika," nikamwambia. "Amekuja tu kutusalimia."

"Kweli?"

"Kweli. Twende ndani unywe uji."

Alinifuata bila kugeuka nyuma. Kile kipande cha sweta kilibaki chini, hakukiokota. Mlangoni tulimkuta mama amesimama na birika, macho yamejaa matumaini, akaniuliza, "Amelifurahia?" Nilimpita bila kumjibu. Nilijua nikisema neno moja nitalia, na mtoto aliyekuwa ameshika vidole vyangu angemwona mama yake akilia.