Tundu Chini ya Nyundo

Siku moja kabla ya kupanda meli ya Kisumu, kaka yangu Mabula alikula sato wawili nyumbani kwa akina Salum, askari mwenzetu, Mabatini. Alipomaliza alimwambia mama mwenye nyumba kwamba samaki walikuwa wazuri, bahati mbaya tu wamepikwa na Mzaramo.

Mama yule alimrushia mwiko. "Msukuma wewe! Hata ng'ombe wenu wana adabu kukushinda!"

Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani. Mtani anaweza kukutukana hata msibani, au kuchukua kitu chako mchana kweupe mpaka ukikomboe kwa kuku, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Salum alizaliwa Mwanza, baba yake alikuja na kazi ya reli, lakini utani hakuuacha. Kabla meli haijaacha gati alikuwa amevaa kofia ya Mabula juu ya kofia yake mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Tulikuwa askari wa kikosi kimoja, tukipelekwa kwenye vita vya msituni Kenya. Niliishia darasa la nne, na sikujua vizuri wale tuliotumwa kupigana nao walikuwa wanapigania nini. Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wanadai ardhi yao.

Mabula alibeba redio mgongoni. Bunduki ingemzuia kufanya kazi, kwa hiyo alipewa bastola. Siku ya kumkabidhi, fundi wa silaha aliweka bastola mbili mezani akatuita tuone. Katika ya kwanza kulikuwa na kipande kidogo cha chuma kinachokaa kati ya nyundo, yaani kile chuma cha nyuma kinachogonga, na risasi. Usipovuta kifyatulio, kipande kile hakiondoki. Hata bastola ikianguka ikapiga chini kwa nyundo, nyundo haiwezi kuifikia risasi.

"Hii ya pili ilitengenezwa haraka haraka wakati wa vita kuu," alisema. "Kipande kile waliacha kukiweka. Ndiyo yako."

Mabula alimtazama. "Kwa nini nzuri usinipe mimi?"

"Nzuri ina mwenyewe."

Kisha akamfundisha dawa yake. Bastola ina matundu sita. Tia risasi tano, lile tundu lililo chini ya nyundo liache wazi. Ukivuta kifyatulio silinda yenye matundu hayo inazunguka yenyewe na kuleta tundu lenye risasi, kwa hiyo hupungukiwi kitu unapohitaji kupiga. Ikianguka, nyundo inapiga hewa.

Na kweli ilianguka. Salum alikuwa anakimbia kambini na mkanda wa bastola wa Mabula, bastola ikachomoka na kupiga jiwe. Tulisikia "ka!" basi. Salum akajitupa chini, akanyoosha miguu, akaniagiza nimwambie mama yake kwamba ameuawa na Msukuma mvivu. Tulicheka mpaka mpishi akaja kuuliza kuna nini.

Toka siku ile mchezo wao ulikuwa huo. Mabula akienda kunawa, Salum anautundika mkanda kwenye tawi. Mabula anaurukia akimtukana ukoo mzima. Wote tulijua risasi ni tano.

Asubuhi moja tulimiminiwa risasi kwenye mianzi. Hatukuona mtu. Tulilala kwenye matope mpaka kukawa kimya, tukarudi kambini tukiwa wazima.

Kule kwenye matope, Mabula alikuwa ametia risasi ya sita.

Hakumwambia mtu. Alienda kunawa.

Salum akautundika mkanda.

Mabula alikuja uso ukiwa na sabuni, anacheka. Akaruka, akaukamata mkanda kwa ncha.

Bastola ilianguka juu ya jiwe la kufulia.

Nilipofika alikuwa ameketi, mkono chini ya mbavu. Alimtazama Salum kama mtu anayetaka kusema neno la mzaha na amelisahau. 

Tulimzika kule kule. Tuliporudi na meli, Salum hakugusa kitu cha mtu safari nzima. Kilimani karibu na bandari ya Mwanza alinishika mkono.

"Kwenu Bujora kuna matanga."

"Yapo. Na mama nitamweleza yote, Salum. Siwezi kumdanganya."

"Mweleze. Lakini na mimi nitakuja. Nisipokuja, basi nilimuua. Nikija, nilikuwa mtani wake."

Nilimweleza mama kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza, akaendelea kupepeta mtama.

Salum alikuja siku ya tatu, kwa miguu kutoka Kisesa, amevaa buti za jeshi na ile kofia ya Mabula. Alipoingia uani watu waligeuka kumtazama. 

"Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. Kisha akakaza sauti. "Huyu Mabula wenu amekufa makusudi! Alijua namdai kuku wa kukombolea kofia!"

Hakuna aliyecheka. Mama aliweka ungo chini, akasimama, akamwendea. Nilidhani atampiga.

"Marahaba. Vua hizo buti."

"Mayu?"

"Vua, mwizi wewe. Nimezichukua. Utarudi kwenu Mabatini peku, wakuone."

Salum akavua. Mama akazivaa pale pale, zikimpwaya, akatembea nazo uani kama askari, akigeuka kwa vishindo. Hapo ndipo watu walipocheka, na ndipo Salum alipolia. Mama alipalilia na buti zile miaka mingi. Siku bendera yetu ilipopandishwa alikuja nazo mjini, Salum akimdai njia nzima, yeye akimwambia akadai Uzaramoni.

Nimefikiri sana kuhusu kipande kile cha chuma. Ni kidogo kuliko ukucha. Kingekuwepo, mzaha wao ungeishia kwenye "ka!" na Mabula angezeeka. Sikumlaumu Salum, na sitasema haikuniuma kutomlaumu.

Salum tumemzika mwezi huu. Wanawe waliniomba niseme, kwa kuwa mtani wake aliyebaki ni mimi.  Nilitazama sanda, nikakumbuka buti alizovuliwa na mama.

"Mabula," nikasema, "ficha vitu vyako. Mwizi wako anakuja, na safari hii pia hana viatu."