Matonge Thelathini na Manne

Aibu hii nimeificha miezi mitano, na hata sasa nawasimulia kwa sababu mama mkwe mwenyewe ameshaanza kuisimulia huko kwao Simbo, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu kabla hajaiongezea chumvi.

Ilianzia kliniki. Nesi alinipima uzito, akatazama mzani, akaniangalia mimi, akatazama tena mzani (nikaanza kuamini ni mbovu), kisha akaniambia ninunue daftari niandike kila siku nimekula nini, kiasi gani, na nimefanya mazoezi gani. Nikalinunua. Asubuhi natembea kutoka kwetu Katubuka mpaka Rusimbi na kurudi, mawese kwenye sombe, kisamvu cha huku, nikapunguza, soda nikaacha kabisa. Ila kwenye ugali, jamani, nilikuwa naandika "matonge kumi na mawili" kila siku ya Mungu bila kuhesabu hata moja, kwa sababu niliona hiyo ndiyo idadi ya mwanamke mwenye adabu zake.

Sasa mimi kutaka kujua kunanitesa tangu utoto. Kila nikiandika kumi na mawili najiuliza, hivi kweli nakula mangapi? Na siku niliyochagua kuhesabu, kati ya siku zote, ni Jumamosi aliyokuja mama mkwe na mdogo wake, Mama Zaituni, kwa mara ya kwanza tangu Hamisi anioe. Mimi ni mtu wa Tanga, na mama mkwe alikuwa amemwambia mwanawe waziwazi kwamba anaogopa mke wa kutoka mbali atawanyima ndugu zake chakula. Hamisi aliniomba kitu kimoja tu: mama ale ashibe, aondoke na moyo mweupe.

Nikasonga ugali wa muhogo, nikapika migebuka, samaki wa ziwani, nikaandaa sinia moja tukae sisi wanawake watatu mkekani. Hamisi alikula barazani. Mapajani, chini ya kanga, nilikuwa na punje za maharage makavu: mkono wa kulia ukipeleka tonge mdomoni, wa kushoto unahamisha punje moja kutoka paja hili kwenda lile. Nilijiona nina akili sana. Tunakula, tunaongea habari za mashamba, mimi nahamisha tu, na kadiri punje zilivyozidi ndivyo nilivyozidi kushangaa na kutaka kuona mwisho wake.

Mama akaomba maji. Nikainuka. Nilikuwa nimesahau zile punje; zilizohama zikamwagika mkekani mbele ya magoti yake, zilizosalia zikaangukia upande wa pili.

Nikasema ni maharage tu. Mama Zaituni akasema amekuwa akiniona muda mrefu, kila likienda tonge, mkono wangu unacheza chini ya kanga. Mama mkwe akaacha kula, akazihesabu taratibu zile nilizokuwa nimehamisha. Thelathini na nne. Wakaanza kuongea Kiha wao kwa wao, na hapo nikajua mambo yameharibika, maana tangu waingie walikuwa wananionea huruma kwa Kiswahili.

"Mwanangu," mama akaniambia kwa upole uliotisha kuliko ukali, "unatuhesabia matonge?"

Nikaapa kwamba nahesabu yangu, nikakimbilia ushahidi, nikaleta daftari. Mama Zaituni akasoma kwa sauti: Jumatatu, kumi na mawili. Jumanne, kumi na mawili. Jumatano, kumi na mawili. Akalifunga. "Basi ishirini na mawili ni yetu," akasema.

Mama akamwita Hamisi, akamuuliza mkewe huwa anakula matonge mangapi. Na huyo mume wangu, mtu mwema asiyejua kilichotokea, akaona hapa ndipo pa kunitetea. "Huyu? Hali huyu, mama. Anaonja tu." Nilitamani kumziba mdomo na kipande cha mgebuka.

Mama akaanza kujifunga kanga vizuri aondoke. Nikaona ndoa yangu inatoka mlangoni kwa sababu ya maharage, ikabidi nichague kuitwa mchoyo au mlafi. Nikalia, nikasema daftari lote ni uongo, ugali nakula mpaka naona haya kuandika.

Mama akaacha kujifunga kanga. Kisha akasema, "Songa mwingine."

Nikasonga. Wakanikalisha peke yangu mbele ya sinia, Hamisi kaegemea mlango, mama mkwe anaweka punje kwa mkono wake kila ninapomeza. Na hii ndiyo sehemu inayoniumiza: nilikuwa nimeshakula, nimelia, na bado nilifika thelathini na sita.

Mama akacheka mpaka akakaa chini. "Hamisi, mkeo hakutuhesabia," akasema. "Nyumba ya mtu anayekula hivi, wageni hawawezi kulala njaa." Akanawa, akaingiza mkono siniani, tukamalizia pamoja.

Niliapa sitahesabu tena kitu chochote nikiwa kwenye sinia la watu, na kiapo nimekishika. Jioni ile niliandika: "Matonge sabini yaliyohesabiwa. Mazoezi: hakuna." Nesi alipofika ukurasa huo akavua miwani, akaniuliza siku hiyo kulikuwa na nini. Nikamjibu kwamba siku hiyo ndiyo niliyoandika ukweli, hizo nyingine zote azifute.