Ugonjwa Husemwa Mlangoni

Kazi yangu ni kusikiliza watu wakiugua. Daktari wa kituo chetu cha afya hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, huweka kinasa sauti mezani, na mgonjwa akishatoka, maneno yake yanatufikia chumba cha nyuma. Mimi na mwenzangu tunavaa vile vidude vya masikioni na kuyaandika yote kwenye faili la mgonjwa, ndani ya kompyuta. Mwenzangu ni mzee Mrundi wa kijiji cha Misiera humu kambini, Mkatoliki wa kweli kweli, anayepiga chapa kwa vidole viwili na kusahihisha Kifaransa changu bila kuombwa. Mimi ni mama Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mlokole, na subira sina. Tunaelewana kwa sababu siku nzima hatusikilizani.

Sasa, sisi Wakongomani hatutaji ugonjwa tukiwa tumeketi. Ni kukosa adabu kumvamia mtu na maradhi yako. Kwanza salamu, kisha mvua, kisha mahindi, kisha shemeji aliyebaki kwetu Fizi, na mgongo kidogo ili daktari asikose cha kuandika. Ugonjwa wenyewe unatajwa wakati wa kutoka, mkono ukiwa tayari mlangoni. Warundi nao ni hivyo hivyo, ila wanaongeza sala. Wakati huo daktari ameshamwita mwingine, lakini kinasa sauti hakina haraka.

Ndivyo nilivyomsikia mama mmoja mjamzito wa kijiji cha Rubondo. Alilalamikia mgongo mpaka akaandikiwa vidonge, halafu mlangoni akasema, kwa sauti ya mtu anayeaga, "Na kuko kingine kidogo, docta. Mutoto wa mu tumbo hajacheza tangu siku ya Mungu." Nilivua vile vidude nikatoka mbio. Nilimkuta ameshapanda boda, nikamshika mkono na kumshusha, na mwenye boda, akidhani ni ugomvi wa wivu, akaapa mbele ya watu wote kwamba yule mama hamjui, wala mimi hanijui. Mtoto yupo. Ana meno sasa na anauma watu.

Kisha vikaletwa vibao vya kugusa, kwa majaribio. Daktari anagusa visanduku: homa, ndiyo, kikohozi, hapana, faili linafungwa kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Tukasikia kwamba wabunge wanajadili sheria ya mafaili hayo, na mpaka leo bado wanaijadili. Ikipita kama ilivyoandikwa, hakuna nafasi ya maneno ya mgonjwa, wala ya mtu wa kuyaandika. Wakubwa wa kituo walitueleza kwa upole kwamba hapo mkataba wetu utakuwa umefika mwisho. Nina watoto wanne na shamba la mawe. Upole wao ulinikera kuliko habari yenyewe.

Mbunge mmoja wa kamati inayohusika alikuwa na ofisi mjini Mbarara, ghorofani, juu ya duka la simu. Tukaenda. Msaidizi wake, dada wa mjini mwenye kucha ndefu, alituangalia kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyetu vyenye vumbi.

"Nyinyi mnapiga kura wapi?"

"Sisi ni wakimbizi, mama," mzee akamjibu. "Tunapigaga magoti tu."

Nadhani alituonea huruma, maana alitupa robo saa. Mheshimiwa alitupokea vizuri, akatuketisha. Mzee akaomba kufungua kwa sala. Aliiombea Uganda, akaiombea mvua, akawaombea ng'ombe wa mheshimiwa ambao hakuwahi kuwaona, kisha akaanza kushukuru, kuanzia usiku ule alipopokelewa kambini, pale kituo cha mapokezi cha Kabazana, blanketi, sufuria na sahani, kila kitu na shukrani yake. Nikampiga teke chini ya meza. Teke likampata mheshimiwa. Alikuwa mtu wa heshima, akalimeza.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimejipanga kuanza na sheria moja kwa moja, bila kuzunguka. Nikafungua kinywa nikajikuta Fizi, nyumbani kwa marehemu baba, kwenye zizi la ng'ombe. Sijui nani alinipeleka huko. Mheshimiwa ni Munyankore, watu wa mifugo, aliposikia ng'ombe akasogeza kiti. Akauliza rangi zao, akauliza pembe, akanisimulia wa kwake mmoja anayekataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote. Tulikuwa tumekolea hasa pale dada wa kucha alipogonga kusema muda umekwisha.

Tukainuka. Mheshimiwa akatusindikiza. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa.

"Kuko kingine kidogo, muheshimiwa," nikasema.

Nikamweleza yote kwa pumzi moja: visanduku, mama wa Rubondo, boda, mtoto. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hiyo mbona hamkusema mwanzo?"

"Ndiyo tumeikujia," mzee akasema, kana kwamba hilo ni jibu.

Mheshimiwa alirudi mezani, akachukua kalamu na kuandika kwamba sheria iwe na nafasi ya maneno ya mgonjwa, yote, bila kukatwa. Alisema atalipigania jambo hilo. Kisha akainua simu yake, akatabasamu kwa kutaka kutufurahisha. "Na siku hizi hata hii inaandika yenyewe. Mgonjwa anaongea tu, inaandika."

Tukamshukuru sana. Tukashuka ngazi tukiwa watu walioshinda, mzee akiimba kitu cha kanisani. Katikati ya ngazi akanyamaza.

"Mama, ulimwambia kama ni sie tunaandikaga?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimeyaokoa maneno ya kila mgonjwa wa Nakivale na kujitoa mwenyewe nje, kwa mkono wangu, nikiwa nacheka. Nilimkasirikia mzee kwa sala yake, nikawakasirikia ng'ombe wa baba, nikajikasirikia mimi. Nilipanda zile ngazi nikihema, nikampita dada wa kucha, nikaingia.

"Ni sisi tunaandika," nikasema. "Mukiweka mashine, niko bila kazi, na niko na batoto bane. Ninaomba kazi yangu."

Maishani mwangu sijawahi kumwambia mtu shida yangu namna hiyo. Nilijiona kama niko uchi mbele yake.

"Mama, hata salamu hapana?" dada akasema nyuma yangu.

Mheshimiwa aliweka simu chini. Akaandika mstari mwingine chini ya ule wa kwanza, polepole, akausoma tena. Kisha akazunguka meza, akanipa mkono, akaniuliza kama watoto hawajambo, na wako madarasa gani.

Nilitaka kumjibu kwamba hawajambo. Nikalia.