Haddad wa Kijerumani

Juzi mjukuu wangu kanipeleka Bawshar, hapa Maskati, kwa daktari wa macho. Kliniki yenyewe marumaru tupu, baridi ya kukutia homa, na mlangoni pa daktari pana kibao cha rangi ya dhahabu kimeandikwa Schmidt. Mbele yangu walikaa mabibi wawili, mabuibui yao yamedariziwa mpaka visiginoni, wakinong'onezana kwa Kiswahili cha kwetu wakidhani sisikii. Mmoja akasema, "Huyu Mjerumani khasa. Jina lake tu ukilisikia unajua ni la watu." Mie nikacheka, nikacheka mpaka mjukuu akaniinamia kuniuliza nna nini. Jina la watu. Ningewambia maana yake, shoga, wangekusanya mikoba yao wakatafuta daktari mwengine.

Kwani Schmidt ni nini? Ni mhunzi, mfua chuma. Ndiye huyu tunayemwita huku haddad. Tulipokuwa tunarudi, mjukuu, ambaye kasoma huko Ujerumani, akaniambia kuwa jina hilo limejaa nchi nzima, kwamba wanaolizidi kwa wingi ni wale wenye jina la msaga nafaka tu, na wapo wanaoliandika Schmitt, wapo Schmid, wapo Schmitz, na wote asili yao ni nyundo na makaa. Mahakimu wanaitwa hivyo, na mawaziri, na hakuna anayeona haya. Nikamwambia hayo mie nimeyajua tangu sijavunja ungo. Akadhani nnamtania, na mie sikuwa na hamu ya kumweleza mtu anayeendesha gari huku anatazama simu. Basi ntakueleza weye.

Sisi tuliingia Maskati mwaka sitini na nne, tumetoka Unguja na nguo tulizozivaa. Wenzetu walikimbia na dhahabu zao wamezishonea kwenye pindo. Babu kakimbia na fuawe yake ya kufulia chuma. Chuma kizito kile, kimefungwa kwenye mkeka, na bibi njia nzima akimsema kwamba angeweza kubeba sufuria. Langoni mwa mji palikuwa na askari aliyekuwa akimuuliza kila mtu jina lake na la babake, halafu anasema "al..." na kunyamaza, akingoja umalizie mwenyewe. Alilokuwa akilitaka ni kabila. Babu Kiarabu chake kilikuwa cha Msahafu na cha salamu, akadhani anaulizwa yeye ni yupi katika wenye jina lile. Unguja mtaa mmoja ulikuwa na kina Saidi tele, na wako ukimjua kwa kazi yake, huyu Saidi wa samaki, yule Saidi wa cherahani. Basi babu akajibu kwa raha zake, al-Haddad. Askari akamtazama kutoka kilemba mpaka viatu, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akatupitisha.

Neno moja hilo likatukaa mgongoni miaka sita. Kwa mabwana wa Maskati ya siku zile mtu alikuwa kabila lake, na kazi ya chuma walimwachia mtu asiyekuwa na wenyewe. Wao wenyewe hawakuwa na kazi yoyote niliyopata kuiona. Walikaa barazani tangu alfajiri wakinywa kahawa na kuhesabiana mababu, na jembe likivunjika, au bawaba ya mlango ikikatika, walikuwa wanajua njia ya kwenda kwa babu vizuri sana. Wakifika hawaingii. Wanasimama juani, wananyoosha kitu kwa mkono, wanazungumza naye kama mtu anayezungumza na punda wa maji. Kabila la kwetu khasa babu akilijua au halijui, hakutwambia.

Karakana yake ilikuwa nje ya lango, kibanda cha makuti ya mtende. Mpaka leo nnaweza kuisikia ile mivukuto ya kupulizia makaa ikivuta pumzi, halafu nyundo, mbili nyepesi na moja nzito. Baada ya alasiri mama alikuwa akinituma nimpelekee chai ya tangawizi na maandazi, na maandazi yenyewe makavu, maana nazi ilikuwa haipatikani ila kwa bahati, na mama kila akikanda unga alikuwa akiililia nazi kwa machozi khasa. Tulikula wali na papa mkavu, tukanywa maji ya kisima yaliyobebwa na punda, na wakati wa joto tukalala juu ya dari tumejifunika shuka zilizorowekwa. Skuli ya wasichana ilikuwa hakuna. Palikuwa na chuo cha Kurani, na mwalimu wetu, ambaye alikuwa anasinzia kabla hatujamaliza aya, alikuwa akiniita "binti haddad" na kuniweka mlangoni penye viatu. Kuamka kwake kulikuwa kwa kuniita hivyo tu.

Sasa jirani. Nyumba yetu na yake ukuta mmoja. Naye ni mtu wa Unguja vilevile, alitutangulia tu, na kwa kututangulia huko akajiona kazaliwa ndani ya ngome. Jikoni mwake alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi aliyokuja nayo kutoka Unguja, na ulimi wa ile mbuzi kaufua babu yangu kwa mikono yake. Kamnunulia kule, kamsifu kule. Huku akimkuta njiani anavuta buibui lake lisimguse. "Mie sina ubaya nao," alikuwa akisema kwa sauti ya kutufikia ukutani, "lakini si kufu yetu."

Kufu, shoga, mtu wa kulingana nawe kwa nasaba, ndilo neno lililokuwa likiua watu. Maana jirani alikuwa na mtoto wa kiume, karani, kasoma Bahrain, anajua Kiingereza, kanzu yake haina kunyanzi hata moja. Na sisi tulikuwa na dada. Dada alikuwa akipanda darini kuanika ndimu, na yule kijana akawa na safari nyingi za darini kwao, mara kuku, mara kamba ya nguo. Dada alimpenda. Nnasema wazi, maana wakati ule hakuna aliyethubutu kulisema. Alikuwa akiimba akianika ndimu zile, na aliimba vibaya, na hatukumkataza. Kijana akamwambia mamake anamtaka. Mamake akamjibu kuwa hawezi kuchanganya damu ya watu na masizi, na akahakikisha tumesikia. Dada akaendelea kuanika ndimu, bila ya kuimba.

Mambo yakawa hivyo mpaka Wajerumani walipokuja kwa kazi ya bandari Matrah. Mmoja, mkubwa wao, akakodi ghorofa ya juu kwa jirani, na yule kijana akawa mkalimani wake. Basi hapo ungemuona yule mama. Halwa ya zafarani inapanda juu. Mazulia aliyomwekea mtoto wake kwa ajili ya harusi yanapanda juu. Anapita mtaani na "Mista Shmit" mdomoni, kakunja midomo kulitoa jina lile kama anapuliza kahawa. Mista Shmit kasema hivi, Mista Shmit kala samaki wangu. Wanawake wa mtaa walimsikiliza kwa husuda. Siku moja kamwambia mama yangu, "Jina lenyewe tu, bibi. Unasikia kabisa kuwa ni la ukoo." Mama akajibu ndiyo, inaonekana.

Ikafika Sikukuu. Kwetu siku ya Idi wanaume wanazunguka nyumba kwa nyumba kunywa kahawa, na mtu hafungiwi mlango siku hiyo, hata haddad. Baba na babu wakaingia kwa jirani, wakakaa chini karibu na viatu. Mjerumani kawekwa juu kabisa, mto mgongoni, mto ubavuni. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, pazia katikati, na jirani kakaa mbele yetu ili aone zaidi. Yule Mjerumani, mtu mwekundu, mkimya, akawa anamtazama babu mikono. Mikono ya babu ilikuwa imejaa makovu ya cheche. Akamuuliza mkalimani wake kitu, kijana akamjibu kwa sauti ya chini, na sisi tukasikia humo neno moja tu, haddad. Mjerumani akacheka kwa furaha, akasema maneno marefu, akajipiga kifuani.

Watu wakangoja tafsiri. Kijana akakohoa. "Anasema," akasema, "kuwa jina lake nalo lina asili ya... ya uhandisi."

"Uhandisi wa nini?" baba akauliza.

"Wa vitu vya madini."

Ningependa uione ile sura yake. Kijana mzima, kasoma, anatafuta neno jengine na neno lipo pale limemkaa kooni. Lakini Mjerumani alikuwa ameshika Kiarabu chake kidogo kwa wafanyakazi wa bandari, akatikisa kichwa, akakunja ngumi, akaigonga kwenye kiganja, ta, ta, ta. "Ana haddad," akasema, yaani mie ni haddad. "Schmidt, haddad. Schmidt, haddad." Akainuka kwenye mito yake yote ile, akaja kukaa kwenye viatu karibu na babu, akamshika mkono.

Babu akamgeukia mkalimani. "Muulize nani kawapa jina hilo."

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia tena, kijana akatafsiri sawasawa, huku akilitazama zulia. Mjerumani akasema zamani kwao mtu alikuwa na jina moja tu, na majina yale yalikuwa machache, watu wakizidi wanachanganyika. Mwandishi wa mkubwa wa nchi akija kijijini kuuliza huyu ni yupi, wanamwambia ni yule mhunzi. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, hakuna anayeweza kulima wala kupanda farasi bila yeye. Ndiyo maana wakawa wengi, na watoto wao wakabaki na jina hata waliokuwa hawajui nyundo inashikwa wapi. Darasani kwake walikuwa kadhaa wenye jina hilo na hawana udugu. Babake alikuwa mwalimu, babu yake akichoma mikate. Chuma katika ukoo wao hajui aliyekigusa mara ya mwisho.

Babu akasema, "Basi mwambie mie nna haki na jina lake kuliko yeye."

Baraza zima likacheka, na Mjerumani alipotafsiriwa akacheka kuliko wote. Nikafikiri, kitoto changu, kuwa mambo yameisha. Kilichowapata mababu wa Mjerumani kwa mwandishi wao ndicho kilichompata babu langoni, neno kwa neno, na mtu mkubwa kalisema mbele ya watu. Nikamtazama jirani. Alikuwa anapanga vikombe. Akasema, wala hakuinua macho, "Kwao ni jina tu. Kwenu ni damu." Na jioni ile ile akampelekea Mista Shmit wake sinia la halwa. Akili ile mpaka leo nnaistaajabia, ilivyokuwa haina hata ufa wa kupitisha mwangaza. Dada alikuwa kashika sinia la kahawa nyuma yangu, na alikuwa kasikia kila kitu.

Mwaka ule ule, sabini, nchi ikabadilika mikono, mtoto wa Sultani akashika pahala pa babake. Milango ikafunguliwa, watu wakawa wanataka pasi, na pasi inataka kabila, na kabila linataka shekhe wa kukushuhudia. Baba akasafiri bara ya huku huku, kwa mashekhe, na mbuzi wawili, akarudi bila mbuzi na akiwa na kabila. Alikuwa kamfikiria dada, nnajua. Alituita sote akatutamkia jina letu jipya, refu, zito, na sisi tukalirudia kama watoto wa chuo. Babu akauliza tu, "Na mie ntaitwa nani?" Akachukua koti lake akaenda karakanani.

Haukupita mwezi, jirani kaja na posa. Mwanamke yule yule, kwa babu yule yule, kwa ajili ya msichana yule yule. Kaja na shangazi zake, na udi, na halwa, anacheka. "Kumbe nyie wenzetu siku zote, na mmenyamaza tu!" Baba alikuwa kafurahi, maskini. Alitaka kulia. Kama desturi, akaulizwa dada, na dada akatoka chumbani na unga mikononi, akasimama mbele yao.

"Mwambieni," akasema, "siku ya Idi alishindwa kulitamka jina la babu kwa sauti mbele ya mamake. Mie ndo nikamtegemee huyo?"

Akarudi jikoni. Usiku nilimsikia akilia, akilia kwa muda mrefu, na sitaki ufikiri alikuwa jabari. Alimtaka yule kijana, na aliendelea kumtaka. Kijana kaoa binti wa kufu yake, akapata cheo, akanenepa, na nikimkuta kwenye harusi huwa ananiuliza hali ya dada kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa.

Mtaa ule umebomolewa. Pale palipokuwa na karakana magari yanaegeshwa. Babu alifia kwenye kazi yake na fuawe sijui aliichukua nani. Watoto wa kaka zangu wana villa na jina lile refu limechongwa getini, na ukiwatajia mhunzi wanakwambia, "Bibi, taratibu, kuna wageni." Pasi yangu nayo inasema hivyo hivyo, sikuulizwa. Dada peke yake alikuwa akipigiwa simu akiitwa kwa jina la kabila, anajibu umekosea nambari, anakata. Hakuolewa. Tulimzika mwaka juzi kwa desturi ya huku, jiwe kichwani na jiwe miguuni, bila ya maandishi. Basi wale waliokuwa wakimsafishia jina miaka yote hawakupata hata pa kuliandika.