Ng'ombe Hashiki Jembe

Kila nikisikia harufu ya nyasi zilizooza ardhini, narudi shambani kwetu, nje kidogo ya Sumbawanga. Sisi Wafipa hufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, tunayaita ntumba, zikaoza humo hadi mvua zikaribie. Ndipo tunayatawanya na kupanda ulezi. Ukiyafungua mapema, jua linakula rutuba yote.

Nilikuwa darasa la sita, na sifa za midahalo zilikuwa zimenipanda kichwani. Miaka ile tulibishania kila kitu: mitumba, maduka ya watu binafsi, soko huria. Nilitetea upande wowote niliopewa, nikashinda. Baba aliwaambia wageni kwamba mdomo wangu ungekuja kutulisha sote. Msinicheke, nilimwamini.

Basi asubuhi moja nikakuta ntumba zetu za mpakani zimebomolewa. Nilipomwambia baba, hakufikiri mara mbili: ni ng'ombe wa Mzee Luhende, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Usukumani. Kwenye kikao cha kitongoji nikasimamishwa mimi, shahidi. Nikauliza nani ana ng'ombe wengi, nikauliza wanapita wapi kwenda mtoni, nikawaacha watu wajibu wenyewe. Wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema Mzee Luhende ahamishe boma lake kabla ya Jumapili.

Mzee Luhende Kiswahili kilimpa shida. Aliyesimama ni binti yake Mbuke, rafiki yangu, ambaye kila siku tuligawana kiazi njiani kwenda shule. Alisema polepole, akinitazama mimi tu.

"Shikamooni. Mimi nimepita pale. Udongo umekatwa, haukukanyagwa. Ng'ombe hashiki jembe."

Watu walicheka, kisha wakaenda kuangalia. Ilikuwa kweli.

Kesho yake baba mdogo, aliyekuwa akikaa kwetu, akarudi kutoka Mazwi mjini, alikokwenda kutembea. Alikuwa amekaa Kirando, kule ziwani, akivua dagaa miaka mingi hadi akasahau majira ya kilimo. Akamuuliza baba mbona hashukuriwi, maana jioni kabla hajaondoka alikuwa ametupunguzia kazi, akazifungua ntumba za mpakani kwa jembe. Baba alikaa chini kwanza. Halafu akabeba jogoo, akaenda kumwomba radhi Mzee Luhende, na boma likabaki pale pale.

Njiani kwenda shule Mbuke akaniuliza, "Alama za jembe, wewe uliziona?"

Nikasema sikuziona. Akavunja kiazi chake, akanipa nusu kama siku zote. Nilikishika mkononi hadi shuleni.

Kwa miaka mingi nilidhani hoja nzuri ni ile isiyojibika. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba hoja hupimwa pia kwa yale uliyoyajua ukayaficha. Alama zile niliziona kabla ya mtu mwingine yeyote, nikaziacha kwa sababu zingeniharibia hotuba.

Mbuke, popote ulipo, niliziona.