Ndago ya Mgeni

Mama mkwe wangu alikuwa akiniita "mgeni". Nilitoka Muleba nikaolewa hapa Ihanda, na mwaka wa tatu ule, na mimba ya miezi minane, bado ilikuwa "mgeni, chai iko wapi?" Iliniuma, nisiseme uongo.

Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, lakini alisema mjukuu wake atalalia mkeka wake, na yeye mwenyewe atausuka kwa kupapasa. Akanituma kinamasini nikakate majani ya kusukia: "Lete ndago."

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mafunjo. Mimi na tumbo langu tukaingia polepole, maji yakitupoza miguu, sauti zote zikawa mbali. Ndago zilikuwa za aina mbili, zimesimama bega kwa bega, zote ndefu, zote na bua la pembe tatu na mwavuli kichwani. Nikakata zile zinazong'aa. Nilijiona fundi kweli!

Alipopapasa mzigo akacheka mpaka akakohoa. "Mungu wangu! Hii tunamtandikia mgeni sakafuni. Ikikauka inavunjika. Mgeni kajikatia nyasi zake mwenyewe!"

Nikalia palepale, kwa hasira. "Basi nifundishe, mama! Mimi nitajuaje?"

Alinishika mkono. Kisha akasema, "Fumba macho," akanipitisha kidole kwenye bua. Kingo zilikwaruza. "Ya mkeka haikwaruzi. Kingo zake butu, rangi imefifia, ukiibonyeza ni laini kama godoro. Ni ndugu, lakini hawafanani tabia."

Kesho yake nikarudi. Nilisimama majini nimefumba macho, nikishika bua baada ya bua, mtoto akigeuka tumboni, vyura wakiitana. Nilipofumbua, jua lilikuwa limeshapanda na ukungu umekwisha. Sikujua muda umekwenda wapi.

Alisuka wiki mbili, mimi nikimpa bua moja moja. Likabaki pindo tu. Akausukumia mkeka mapajani mwangu.

"Pinda."

"Mama, nitauharibu. Malizia wewe."

"Mkeka wa nyumba hii haupindwi na mgeni," akasema, kama vile ananikumbusha chumvi. "Nimekwambia pinda."

Nikapinda huku machozi yananitoka, sioni, sawa na yeye. Upande mmoja umekwenda mshazari mpaka leo, na mwanangu anaulalia hivyo hivyo.