Pikipiki Niliyoiota Kwenye Maombi

Nilisinzia kwenye maombi, nikaamka nabii. Nasema mapema nisije nikajifanya hapa kwamba nilikuwa mtu wa maono. Nilikuwa mtu wa usingizi. Mchana nilikuwa nimekula ugali na maharagwe, jiko la makaa lilikuwa karibu na miguu yangu, mvua ya kwetu Kiplombe ilikuwa inagusagusa mabati, na mzee wa kanisa alikuwa anaomba kwa ile sauti yake ya chini, ndefu, kama mtu anayepiga pasi shuka. Nani angebaki macho?

Ushirika wetu wa Jumatano ulikutana nyumbani kwangu. Watu walidhani ni ukarimu. Ukweli ni kwamba sipendi kutoka. Nikifika getini naona nimesafiri. Nikifika barabarani natamani kupiga simu nyumbani niulize kama wote wazima, na nyumbani kwenyewe naishi peke yangu. Kazi yangu ni kufuma vitambaa vya makochi, na hiyo ni kazi ya kukaa. Kwa hiyo kanisa lilipotafuta nyumba ya kukutania, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupanda. Nilijua wao wakija kwangu, mimi sitaenda kwao.

Siku hiyo tulikuwa tunamwombea binti mmoja wa ushirika wetu. Alikuwa karani kwenye duka la mbegu huko mjini, mtoto wa watu waliotoka magharibi kutafuta vibarua, kama mimi tu. Moyo wake ulikuwa umemwita aende kaskazini, kwa wafugaji, akahubiri Injili na kuwafundisha watoto kusoma. Kanisa la huko lilikubali kumpokea, lakini kwa masharti mawili. Aje na chombo chake cha kusafiria, maana kutoka boma moja hadi lingine ni mwendo wa nusu siku. Na apande lori la mahindi linaloenda huko mara moja tu baada ya mavuno, mwisho wa mwezi. Lori likimwacha, nafasi yake itapewa mtu mwingine.

Ndiyo maana alikuwa na kadi ya mchango, ile kadi ngumu yenye mistari ya kuandika jina na ahadi. Alikuwa ameizungusha miezi mitatu, hadi pembe zake zikawa laini kama kitambaa.

Basi mzee akaomba, mimi nikaenda. Nilijikuta kwenye shamba la mahindi yaliyokomaa, marefu kunishinda, ukungu ukipita katikati ya mistari polepole kama maziwa yanayotafuta mahali pa kulala. Hapakuwa na mtu. Katikati ya shamba ilisimama pikipiki nyeupe, imewashwa, inanguruma kwa upole kama paka, na mahindi yote yalikuwa yameinama upande wake. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia, raha ya mtu ambaye hakuna mahali anapotakiwa.

Kisha "Ameni" ikanigonga. Nilifungua macho nikakuta watu wote wananitazama. Kumbe nilikuwa nimetamka kitu kwa sauti.

"Mama," mzee akaniuliza kwa upole, "umeona nini?"

Hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Ningesema tu, "Mzee, nisamehe, nimelala." Lakini ukiwa mwenye nyumba, na chai yako bado iko jikoni inangoja, aibu inakuwa nzito kuliko kawaida. Nikasema, "Nimeona pikipiki. Nyeupe. Iko shambani."

"Ilikuwa inakuja ama inaenda?" akauliza mwalimu wa chekechea, ambaye hupenda mambo yaeleweke.

"Ilikuwa imesimama. Lakini imewashwa."

"Imewashwa!" akasema, na chumba kizima kikavuta pumzi.

Mzee wa kanisa alifuta macho. "Bwana akisema atatoa," akasema, "sisi tusimkimbilie mbele na bakuli." Binti akaikunja kadi yake, akaiweka ndani ya Biblia, akafunga zipu. Alinitazama kwa muda, kisha akainuka kunisaidia kubeba vikombe. Sikujua ule mtazamo ulikuwa wa nini. Nilidhani ni heshima.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu, na sitadanganya. Watu walianza kuniita Mama Maono. Mwanamke mmoja aliyetaka vitambaa vya kochi aliniuliza kama hiyo rangi ya damu ya mzee nimeonyeshwa ama nimeichagua tu. Nilimwambia nimeonyeshwa, kwa sababu ndio uzi niliokuwa nao. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba na majogoo wakiwika kama wako chini ya blanketi, nilisimama mlangoni na kikombe changu nikisikiliza boda zinazopita. Kila moja ikikaribia nilijiambia, ndiyo hiyo. Ilikaribia, ikapita, sauti yake ikayeyuka upande wa mjini. Nami nikarudi kwenye uzi wangu bila wasiwasi, kama vile kuahidi na kutoa ni kitu kimoja. Kadi ikabaki ndani ya Biblia, na mwezi ukaanza kuisha.

Aliyeniamsha ni jirani yangu. Ana ng'ombe watatu na hana subira hata moja. Yeye ni mwenyeji wa pande hizi, mzaliwa wa Sugoi, husali kanisa lingine, na kila asubuhi huniletea maziwa pamoja na maoni yake. Siku hiyo nilikuwa namsimulia ndoto yangu tena. Alisimama na chupa mkononi, akitazama juu ya kichwa changu.

"Jirani, hiyo pikipiki yako ilikuwa na kiti nyekundu?"

"Ndiyo."

"Na taa ya duara?"

"Ndiyo! Wewe umejuaje?"

"Si iko hapo kwa ukuta."

Niligeuka. Kalenda ya duka linalouza vifaa vya ujenzi na pikipiki, niliyopewa siku niliyonunua misumari, ilikuwa imening'inia hapo tangu Januari, mbele kabisa ya kiti changu. Pikipiki nyeupe katikati ya shamba la mahindi. Hata ukungu ulikuwepo. Mpiga picha hakusahau chochote.

"Wewe umeota kalenda," jirani akasema, akinimiminia maziwa kwenye sufuria. "Afadhali basi ungeota ya mwaka ujao, tujue bei ya mahindi."

Nilikaa chini. Lori lilikuwa limebakisha siku tisa, na binti wa watu alikuwa ameketi mjini anangoja picha ya ukutani kwangu imfikishe kaskazini.

"Sasa," jirani akaniuliza, "utaenda kuomba Mungu ama utaenda kuomba watu?"

"Nitaanza na Mungu."

"Huyo ako kila mahali, hata kwangu. Anza na mimi." Akaenda, akarudi na gunia la mahindi akilisukuma kwa wilbaro, akalitua mlangoni mwangu.

Kwa hiyo nikajifunga kitambaa cha kichwa, nikachukua daftari, nikatoka getini. Mimi. Ukungu ulikuwa mzito na nyumba zilinitokea moja moja, kama zinabuniwa nikifika. Sikujua kama mtaa wangu una miti mingi hivyo. Sikujua kuna nyumba inanukia mandazi kila saa moja ya asubuhi, hatua mia tatu tu kutoka kwangu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikinywa chai kavu, bila andazi, kwa uvivu.

Kuomba mchango ndiko kulikonifundisha. Mlango wa kwanza nilibisha, nikasikia redio ikipunguzwa, kisha sauti nyembamba kama ya mtoto: "Mama ameenda soko la Burnt Forest kununua viazi!"

Mbinu hiyo naijua. Mimi mwenyewe nimeitumia mara nyingi, hata kwa watu wa kanisa.

"Akirudi," nikajibu, "mwambie ni mchango wa binti anayepelekea watu Injili. Na umwambie sauti yake imepungua sana, ameze asali."

Halafu mlango ukafunguka kiasi cha kiganja, mkono ukatoka umeshika kuku kwa miguu, nikampokea, mlango ukafungwa. Sijui mpaka leo kama yule mama alicheka. Kuku alinitazama kama ananijua.

Milango mingine haikuchekesha. Unasimama kwenye kizingiti cha mtu na unaona uso wake unavyojipanga. Kwanza tabasamu, halafu hesabu, halafu ile pole ya kukuambia mambo ni magumu. Na ni magumu kweli. Unajua, kwa sababu umeona sufuria iliyo jikoni kwake. Nilipofika mlango wa tano nilikuwa nimeanza kuomba radhi kabla ya kusalimia. Nikamkumbuka yule binti na kadi yake yenye pembe laini. Miezi mitatu ya nyuso.

Jumatano ya mwisho, ushirika ulipokuja, mezani hapakuwa na vikombe. Niliweka kalenda. Kando yake niliweka bahasha ya wiki nzima, na nje kulikuwa na mahindi, viazi na kuku wawili. Vyote pamoja havingenunua hata tangi la pikipiki.

"Maono yangu ni haya," nikasema. "Nililala. Naomba mnisamehe."

Mzee wa kanisa alivaa miwani. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Kumbe hata bei iko hapa chini," akasema mwishowe. Mwalimu wa chekechea akafunika mdomo, mabega yakimtikisika.

Nilimgeukia binti. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yake ama yangu.

"Mama," akasema, "mimi nilijua. Ulikuwa unakoroma."

"Mbona hukusema?"

Alifungua zipu ya Biblia yake, akaifunga tena. "Nilikuwa nimechoka kuomba. Huko mjini watu wakiona nimeshika kadi, wanaweka simu kwa sikio na haijalia. Mtu tumeimba naye kwaya miaka minne anavuka barabara. Uliposema Mungu ameahidi, nikasema wacha nipumzike. Na lori likiniacha, basi itakuwa ni Mungu amekataa. Haitakuwa ni watu."

Mvua ilikuwa imerudi kwenye mabati, nyepesi, na nakumbuka nilitamani iendelee ili tusilazimike kutazamana. Ndoto yangu haikumpumbaza. Ilimpa mahali pa kujificha, kama mimi na geti langu.

Mzee ndiye aliyeinuka. "Lete hiyo kadi," akasema. Akaandika jina lake mstari wa kwanza uliokuwa wazi, kwa mwandiko wa polepole wa mtu anayemeza yale maneno yake ya bakuli, akampa aliyekaa karibu naye. Kadi ikazunguka chumba. Iliponifikia kalamu ilikuwa inaishiwa wino, nikaandika hivyo hivyo.

Pikipiki haikupatikana. Ijumaa asubuhi jirani yangu alikuja na maziwa, lakini si kwa miguu. Alikuwa anasukuma baiskeli ya mume wake, ile kubwa nyeusi yenye kiti cha chuma nyuma, aliyokuwa akibebea mitungi ya maziwa kabla magoti hayajamgomea.

"Walisema chombo cha kusafiria," akasema. "Walisema injini?"

Mzee wa kanisa alipiga simu kaskazini. Tulisimama tumemzunguka. Alisikiliza, akasema ndio mara nne, akafunika simu kwa kiganja. "Wanasema baiskeli ni sawa," akatunong'oneza. "Mchungaji wao mwenyewe anatembea kwa miguu."

Jumamosi, kukiwa ndio kunapambazuka, lori lilisimama barabarani likinguruma. Nilikwenda mpaka barabarani, na sikupiga simu popote. Binti alinikumbatia, akaniambia kwa sikio, "Mama, usiache kutoka," akapanda mbele karibu na dereva. Baiskeli ilifungwa juu kabisa ya magunia. Lori likaondoka taratibu, na ukungu ukalipokea kutoka chini kwenda juu, magurudumu kwanza, kisha magunia, hadi ikabaki ile baiskeli peke yake, inaelea, imefunikwa umande, nyeupe kabisa, na mahindi yote yako chini yake.

Nilimshika mkono jirani, aliyekuwa amesimama kando yangu.

"Jirani, unaona? Nyeupe! Na mahindi yameinama chini yake. Labda ile ndoto ilikuwa..."

"Hiyo ni baiskeli ya mzee wangu," akasema. "Ni nyeusi, breki ya nyuma haishiki, na wewe bado umelala."